Nishati ya Kufungua Kifungo: Historia ya Hesabu Moja ya Kemia na Somo Lake kwa Waunda Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa wafasiri na walimu wa sayansi, lipo moja ambalo kwa juu juu laonekana dogo: ile nishati inayohusu kifungo baina ya atomu mbili iitweje kwa Kiswahili? Wapo wanaoandika 'nishati ya kifungo', wapo wanaopendelea 'nishati ya muungano', na wapo wanaosema 'nishati iliyomo katika kifungo'. Mtu aweza kudhani kwamba hizi ni njia tatu za kusema jambo moja, na kwamba kazi yetu ni kuchagua mojawapo na kuisanifisha. Sivyo. Jina la tatu linasema uongo, na majina mawili ya kwanza yanauachia uongo huo mlango wazi.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kumcheka yeyote. Katika rasimu moja ya orodha ya istilahi za kemia tuliyoiandaa, tuliifasili nishati hiyo kuwa ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya kifungo, ambayo hutolewa kifungo kinapovunjika. Rasimu ilipelekwa kwa wasomaji wa kawaida wa rasimu zetu, na mwalimu mmoja wa sekondari aliturudishia ukurasa ule ukiwa na swali moja pembeni: ikiwa ni hivyo, mbona tunatumia umeme kuyatenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni? Hatukuwa na jibu. Maji yana vifungo. Vifungo hivyo vikifunguliwa, badala ya kupata nishati tunatozwa. Fasili yetu ilikuwa imegeuza mambo juu chini.

Swali lile lilitulazimu kurudi nyuma na kuifuata historia ya hesabu yenyewe, yaani hesabu ya kukadiria mabadiliko ya nishati katika mmenyuko wa kikemia kwa kutumia nishati za vifungo. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tuonyeshe ni somo gani tunalopata katika uundaji wa istilahi.

Joto lililohesabiwa kabla ya kueleweka

Hesabu ya joto la mimenyuko ilianza zamani kabla wataalamu hawajakubaliana joto ni kitu gani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, huko Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitumia chombo kilichozungushiwa barafu. Kitu kilipowaka ndani yake, barafu iliyeyuka, na uzito wa maji yaliyotiririka ukawa kipimo cha joto lililotoka. Mabwana hao walishikilia kanuni moja yenye manufaa mpaka leo: joto linalotoka viambato vinapoungana ni sawa na joto linalohitajika kuvitenganisha tena. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1789 Lavoisier aliliorodhesha joto miongoni mwa vitu sahili, pamoja na oksijeni na hidrojeni, kana kwamba ni kioevu chepesi kinachoingia na kutoka katika vitu. Kipimo kilikuwa sahihi, bali jina lilikuwa na kosa ndani yake.

Hatua ya pili ilipigwa Urusi. Germain Henri Hess, mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Saint Petersburg, alichanganya asidi ya salfuriki na maji kwa viwango mbalimbali, kisha akaizimua kwa amonia. Aliona kwamba penye maji mengi joto la kuchanganya huwa kubwa na joto la kuzimua huwa dogo, na penye maji machache huwa kinyume chake. Lakini jumla haibadiliki. Mwaka 1840 alitangaza kanuni inayojulikana hadi leo kwa jina lake: jumla ya joto la mmenyuko hutegemea mwanzo na mwisho, wala haitegemei njia iliyopitiwa. Yafaa msomaji akumbuke kwamba Hess alisema hayo miaka miwili kabla ya Robert Mayer kuchapisha hoja yake kuhusu kuhifadhika kwa nishati mwaka 1842, na miaka saba kabla ya Hermann von Helmholtz kuieleza kanuni hiyo kwa upana mwaka 1847.

Kanuni ya Hess ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Ikiwa njia si hoja, basi tunaruhusiwa kubuni njia ambayo mmenyuko wenyewe haupiti kamwe: tukafungua kila kifungo cha vitu vya mwanzo mpaka zibaki atomu tupu, kisha tukazifunga atomu hizo upya ziwe vitu vya mwisho. Mmenyuko halisi hauendi hivyo, lakini hesabu itatoka ile ile.

Waliomfuata Hess walijaza majedwali. Julius Thomsen wa Copenhagen alitoa vitabu vinne vya vipimo vya joto la mimenyuko kati ya mwaka 1882 na 1886. Marcellin Berthelot wa Paris alipima vilevile, na ndiye aliyeingiza katika lugha ya kemia majina mawili yenye asili ya Kigiriki kwa mimenyuko inayotoa joto nje na ile inayolipokea ndani. Twaomba msomaji ayaangalie vizuri majina hayo ya Berthelot. Hayasemi joto limehifadhiwa wapi. Yanasema linaelekea wapi. Ndiyo maana yamedumu.

Kifungo kilivyopata jina

Wakati wa Hess hapakuwa na kifungo. Kemia ilijua kwamba atomu huungana kwa idadi maalumu, lakini haikuwa na neno la kutajia uhusiano wa atomu moja na jirani yake. Neno lililotumika baadaye katika Kiingereza, lenye maana ya kamba au pingu, liliingizwa na Edward Frankland katika kitabu chake cha masomo kilichotoka mwaka 1866. Frankland alikuwa mwangalifu. Aliwaonya wasomaji wake kwamba kwa neno lile hakukusudia kamba yoyote ya kweli inayoshikanisha atomu. Lilikuwa jina la kurahisisha maelezo tu. Onyo hilo halikusafiri pamoja na neno. Maneno husafiri mepesi, yakaacha maonyo yake nyumbani.

Ilipita miaka 50 kabla ya kifungo kupata maelezo yanayoridhisha. Mwaka 1916 Gilbert Lewis wa Chuo Kikuu cha California alipendekeza kuwa kifungo ni jozi ya elektroni ambazo atomu mbili huzishiriki kwa pamoja. Mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London walitumia fizikia mpya ya chembe ndogo kuonyesha kwa nini atomu mbili za hidrojeni zikikaribiana hushuka kwenye hali ya nishati ya chini kuliko zikiwa mbalimbali.

Maneno 'nishati ya chini' ndiyo kiini cha mambo. Atomu zilizofungana zina nishati pungufu kuliko atomu zilizo huru. Zilipofungana, tofauti ilitoka nje. Ili zifunguliwe, tofauti ile ile sharti irudishwe. Kwa hiyo kifungo si ghala. Mfano ulio karibu zaidi ni sumaku mbili: zikikaribiana huvutana zenyewe na kugongana kwa kishindo, lakini kuzibandua kwahitaji nguvu ya mkono. Hakuna mtu anayesema kwamba sumaku zilizonatana zimehifadhi nguvu ile ya kuzibandua. Nguvu hiyo ni deni la yule anayetaka kuzitenganisha.

Daftari la hesabu

Aliyeyakusanya mambo haya mawili, yaani joto la Hess na kifungo cha Lewis, akayafanya chombo cha kazi za kila siku, ni Linus Pauling wa Pasadena, California. Katika makala yake ya mwaka 1932, na baadaye katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1939, alionyesha kwamba kila aina ya kifungo yaweza kupewa bei yake, na kwamba jumla ya bei hizo hukaribia sana vipimo vya maabara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue basi daftari dogo. Bei zote tutakazozitaja ni kwa kilojuli kwa moli. Kufungua kifungo cha hidrojeni na hidrojeni ni 436. Klorini na klorini ni 242. Hidrojeni na klorini ni 431. Molekuli moja ya hidrojeni ikikutana na moja ya klorini, huzaa molekuli mbili za kloridi ya hidrojeni. Upande wa matumizi tunafungua vifungo viwili: 436 na 242, jumla 678. Upande wa mapato tunafunga vifungo viwili vya 431, jumla 862. Mapato yamezidi matumizi kwa 184. Ziada hiyo ndiyo joto linalotoka, nayo yalingana vizuri na vipimo.

Hapa Pauling aliona jambo jingine. Wastani wa 436 na 242 ni 339, lakini bei halisi ya kifungo cha hidrojeni na klorini ni 431, yaani imezidi kwa 92. Alieleza kwamba ziada hiyo yatokana na klorini kuzivuta elektroni upande wake kuliko hidrojeni inavyofanya, na kutokana na ziada za namna hii akaunda kipimo cha uvutaji elektroni ambacho walimu wanakifundisha hadi leo. Hivyo daftari lililotungwa kwa ajili ya joto lilifichua tabia ya atomu zenyewe.

Tuchukue mfano wa pili ulio karibu nasi. Gesi asilia inayochimbwa Songo Songo, Kilwa, na kuzalisha umeme tangu mwaka 2004, kwa sehemu kubwa ni methani. Molekuli moja ya methani huungua kwa molekuli mbili za oksijeni, ikatoa moja ya dioksidi ya kaboni na mbili za maji. Matumizi: vifungo vinne vya kaboni na hidrojeni, kila kimoja 413, ni 1652, vifungo viwili vya oksijeni, kila kimoja 498, ni 996, jumla 2648. Mapato: vifungo viwili vya kaboni na oksijeni katika dioksidi ya kaboni, kila kimoja 799, ni 1598, vifungo vinne vya oksijeni na hidrojeni, kila kimoja 463, ni 1852, jumla 3450. Ziada ni 802.

Msomaji ataona sasa kwa nini fasili yetu ya kwanza ilikuwa mbovu. Umeme wa Songo Songo hautokani na kuvunjika kwa vifungo vya methani. Kuvifungua vifungo hivyo ni gharama. Faida yatokana na vifungo vipya vilivyo imara zaidi, ambavyo kaboni na hidrojeni hufunga na oksijeni. Anayesema kwamba nishati 'imo' ndani ya gesi huisahau hewa, na pasipo hewa hakuna moto.

Makadirio si hesabu zilizokaguliwa

Watumishi wa serikali wanaosoma makala haya wanajua vyema tofauti iliyopo kati ya makadirio ya mapato na matumizi yanayoandaliwa kabla ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa baada ya mwaka. Njia ya vifungo ni makadirio. Ni vizuri tukaitaja mipaka yake, kwa sababu nayo ina madai katika istilahi.

Kwanza, bei nyingi za jedwali ni za wastani. Kufungua kifungo cha kwanza cha oksijeni na hidrojeni katika maji ni takriban 499. Kilichobaki hufunguliwa kwa takriban 428. Ile 463 ya jedwali ni katikati ya hizo mbili. Katika methani tofauti ni kubwa zaidi: hidrojeni ya kwanza huondolewa kwa 439, ya mwisho kwa 338.

Pili, bei ya kifungo hubadilika kwa jirani zake. Vifungo vya kaboni na oksijeni vilivyomo katika dioksidi ya kaboni ni imara kuliko vile vya aina hiyo katika michanganyiko mingi mingine, ambavyo jedwali huviweka karibu na 745. Mwanafunzi akichukua 745 badala ya 799, mwako wa methani utamtokea 694, naye atakuwa amepoteza 108 kwa kusoma mstari usiohusika.

Tatu, hesabu hii ni ya gesi. Maji yakitoka kama mvuke, ziada ni 802. Mvuke ukigeuka kuwa kimiminiko, kila moli hutoa 44 zaidi, na moli mbili hutoa 88. Jumla inakuwa 890. Tofauti hiyo haitokani na kifungo chochote cha ndani ya molekuli.

Nne, zipo molekuli zinazokataa kugawanywa kifungo kwa kifungo. Kupachika hidrojeni kwenye siklohekseni, yenye kifungo maradufu kimoja, hutoa takriban 120. Benzeni, ikichorwa kuwa na vifungo maradufu vitatu, ingepaswa kutoa 360. Vipimo vya George Kistiakowsky na wenzake huko Harvard katika miaka ya 1930 vilionyesha 208 tu. Upungufu wa takriban 150 ulithibitisha kwamba elektroni za benzeni ni mali ya duara zima. Hapa kushindwa kwa makadirio kulifundisha mengi kuliko kufaulu kwake.

Jina lililowapotosha hata mabingwa

Kosa letu la rasimu si geni, wala si la Kiswahili peke yake. Mwaka 1941 Fritz Lipmann, mmoja wa mabingwa wa kemia ya viumbe katika karne ya 20, aliandika makala kuhusu namna seli zinavyotumia adenosini trifosfeti, ambayo kwa kifupi huitwa ATP. Humo alizungumzia vifungo vya fosfeti vyenye utajiri wa nishati, akavipa alama ya mstari wa mawimbi. Lipmann alikuwa na maana sahihi: alitaka kusema kwamba ATP inapomenyuka na maji, nishati nyingi yapatikana kwa kazi za seli. Kiwango chake, katika hali sanifu, ni takriban kilojuli 30 kwa moli.

Lakini jina lilitenda kazi yake lenyewe. Wanafunzi wengi wa biolojia wakajifunza kwamba kifungo cha fosfeti ni kama mtego uliotegwa, ukiguswa waruka. Ukweli ni kwamba kukifungua kifungo kile hudai nishati kama kifungo kingine chochote. Nishati yapatikana kwa sababu vitu vinavyotokea, pamoja na vifungo vyao vipya na maji yanayovizunguka, viko katika hali iliyo chini zaidi, na kwa sababu chaji zinazosukumana ndani ya ATP hupata nafasi ya kuachana. Wanakemia walilalamika kwa miaka mingi kwamba neno 'kifungo' lina maana moja katika idara yao na maana nyingine katika idara ya jirani. Walimu bado wanalipa gharama ya malalamiko hayo, kwa kuwa jina likishazoeleka halifutiki kwa waraka.

Istilahi za Kiswahili

Kutokana na historia hii twaona kuwa istilahi ya kipimo yapaswa kulitaja tendo linalopimwa. Kinachopimwa hapa si mali ya kifungo bali ni gharama ya tendo. Kwa hiyo tunapendekeza 'nishati ya kufungua kifungo'. Ni ndefu kuliko 'nishati ya kifungo', lakini urefu huo unamzuia mwanafunzi asikosee ishara ya jumlisha na kutoa.

Tumechagua 'kufungua' badala ya 'kuvunja' kwa sababu lugha yetu imetupa jozi iliyo tayari: funga na fungua. Kiambishi kimoja chatosha kugeuza tendo, na ndivyo hesabu yenyewe inavyogeuka: kufunga hutoa, kufungua hudai. 'Kuvunja' hakuna jozi ya namna hiyo, tena huleta picha ya kitu kinachopasuka na kumwaga kilichomo ndani. Tunakubali kwamba hata 'funga' si kamilifu, maana mfungaji wa kamba hutumia nguvu kufunga vilevile. Hapo mwalimu atumie mfano wa sumaku. Wapo watakaosema kuwa 'kifungo' ni cha shati au cha gerezani. Hatuoni hatari, muktadha hutenganisha. 'Kiungo' chaelekea zaidi mwilini na jikoni, na 'muungano' unafaa kwa tendo zima la vitu kuungana kuliko kwa uhusiano wa atomu mbili.

Tunapendekeza pia kutenganisha istilahi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: 'nishati ya kufungua kifungo mahususi', kama ile 499 ya maji, na 'wastani wa nishati ya kufungua kifungo', kama ile 463. Kadhalika, vitenzi vitatu visipokezane ovyo: 'kupima' ni kwa maabara, 'kukokotoa' ni kwa hesabu inayofuata kanuni, na 'kukadiria' ni kwa hesabu inayotumia wastani. Mfasiri akiandika kwamba joto la mmenyuko 'limepimwa' kwa nishati za vifungo, amempa msomaji uhakika ambao mwandishi hakuutoa.

Neno 'nishati' lenyewe tunaliona limekaa vyema. Asili yake ya Kiarabu ni uchangamfu na utendaji, si akiba. Tukilitumia katika kemia, tulilinde maana hiyo.

Tamati

Frankland alitoa onyo, neno likaenda bila onyo. Lipmann alikuwa na maana sahihi, jina likafundisha maana nyingine. Sisi katika rasimu yetu tulifasiri maneno bila kufuata hesabu, tukasahihishwa na mwalimu aliyewahi kuyatenganisha maji mbele ya darasa. Hivyo basi, tunawasihi wafasiri wa vitabu vya sayansi kwamba kabla ya kuamua jina la kipimo wafanye walau hesabu moja inayotumia kipimo hicho. Hesabu ikikataa, jina nalo likataliwe.

Mapendekezo haya hayajawa sanifu. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, na watuletee maoni yao, hasa pale ambapo mwanafunzi amechanganyikiwa. Swali la pembeni mwa ukurasa limekwisha kutufaa mara moja, na twatumaini kwamba litatufaa tena.